Ukumbi wa Kijiji ni wa Nani? Umiliki, Uendeshaji na Fedha za Jengo la Umma Mtwara na Lindi

Katika vijiji vingi vya Mtwara na Lindi, kujenga ukumbi wa kijiji si kazi ngumu kama inavyodhaniwa. Msimu wa korosho ukiwa mzuri kaya huchanga, vijana husomba mchanga na mawe, ahadi ya bati hupatikana kutoka Mfuko wa Jimbo au kwa mzaliwa wa kijiji aliyeko Dar es Salaam, na kabla ya mvua kuanza kuta zimekwisha kufika kwenye lenta. Ugumu hujitokeza baadaye, jengo likishazinduliwa na wageni wakishaondoka. Mlango umefungwa na haijulikani nani anashika ufunguo, viti vya plastiki vinapungua kila baada ya harusi, paa linavuja upande mmoja, na mtu akiuliza fedha za kukodisha ziko wapi anatazamwa kama mchochezi.

Hoja ya makala haya ni kwamba kumbi nyingi hukwama kwa sababu maswali matatu tofauti hujibiwa kwa jibu moja. Ardhi ni ya nani? Jengo ni la nani? Na nani ana mamlaka ya kuliendesha siku kwa siku? Jibu la kawaida kwa yote matatu ni kwamba ukumbi ni "wa kijiji", na jibu hilo huridhisha kila mtu mpaka siku unapotokea mgogoro, ambapo hugundulika kwamba kila aliyekuwa akilitamka alikuwa na maana yake.

Kijiji mbele ya sheria

Tuanze na msingi. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kijiji kikisajiliwa, Halmashauri yake ya Kijiji huwa chombo chenye utu wa kisheria, yaani inaweza kumiliki mali kwa jina lake, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa. Halmashauri hiyo huwa na wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, huongozwa na mwenyekiti aliyechaguliwa, na mtendaji wa kijiji ndiye katibu wake. Juu yake uko Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, na ambao unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu.

Kitongoji hakina utu huo. Jambo hili husahaulika sana, kwa sababu mara nyingi ari ya kujenga huanzia kwenye kitongoji kimoja chenye watu wengi au chenye mzee mwenye ushawishi, na waliochanga huamini kwa dhati kwamba jengo ni lao peke yao. Kisheria, jengo la umma lililosimama kwenye ardhi ya pamoja ya kijiji ni mali ya kijiji kizima, na kitongoji kinachotaka kipaumbele katika kulitumia kinapaswa kukiomba kiandikwe mapema kwenye kumbukumbu za kikao badala ya kukitegemea kwa mazoea. Kwa wanaoishi katika maeneo ya mamlaka za miji hali ni tofauti zaidi, kwani mtaa nao si chombo cha kumiliki mali kama kilivyo kijiji. Mali ya umma ya mtaa huwa chini ya halmashauri ya mji au manispaa. Miji ya kusini inakua, na kijiji kinachoona mji unakikaribia kina sababu ya kupanga karatasi za ukumbi wake leo kuliko kungoja.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaigawa ardhi ya kijiji katika makundi, likiwemo la ardhi ya matumizi ya pamoja, na inaifanya Halmashauri ya Kijiji kuwa msimamizi wa ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Kiwanja cha ukumbi kinapaswa kuwa kimetengwa na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu kama ardhi ya pamoja, na pale penye mpango wa matumizi bora ya ardhi kionekane kwenye ramani yake. Hilo likifanyika, hakuna mwenyekiti anayeweza baadaye kukikata kiwanja hicho akampa mtu.

Tatizo ni kwamba kumbi nyingi hazikuanza hivyo. Zilianza kwa mzee mmoja kusema mbele ya mkutano kwamba anatoa kiwanja, watu wakapiga makofi, mtendaji hakuandika kitu. Kusini, tamko la namna hiyo lina udhaifu wa aina mbili ambao mtu wa mikoa mingine anaweza asiuone. Kwanza, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao kwa asili hufuata ukoo wa upande wa mama, kwa hiyo ardhi ambayo mzee anaitumia huenda kwa desturi ina wenyewe wengine: dada zake na wapwa zake, ambao hawakuwepo mkutanoni. Pili, kiwanja kina mikorosho. Katika mikoa hii mkorosho ni mali inayoweza kuzungumzwa peke yake, watu huiweka rehani mikorosho na kukodishana mavuno yake bila kugusa umiliki wa ardhi, na mtu aliyetoa kiwanja anaweza kwa nia njema kabisa kuendelea kuokota korosho pembeni mwa ukumbi kwa miaka 20, na baada yake watoto wake, mpaka isijulikane tena alitoa nini.

Dawa yake haina gharama kubwa. Andiko la kurasa mbili linatosha, likieleza mipaka kwa alama zinazoonekana, idadi ya mikorosho na hatima yake, saini ya mtoaji na ya watu wa ukoo wake wa mama, saini za mwenyekiti na mtendaji, na namba ya muhtasari wa Mkutano Mkuu uliolipokea. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji, moja kwa mtoaji, moja ipelekwe idara ya ardhi ya wilaya. Ofisi za vijiji huvuja na mafaili huliwa na mchwa, na nakala ya wilayani ndiyo huokoa.

Anayemiliki na anayeshika ufunguo

Nchini Uingereza, ambako kumbi za vijiji zinazosimamiwa na watu wa kujitolea zinahesabiwa kwa maelfu, suala hili lilitatuliwa kwa kutenganisha kazi mbili. Yupo anayeshikilia hati ya ardhi na jengo, ambaye mara nyingi ni baraza la parokia (ambalo huko ni serikali ndogo ya eneo, si la kanisa) au mdhamini maalumu, naye haingilii uendeshaji. Na ipo kamati ya usimamizi, iliyosajiliwa kama taasisi ya hisani, ambayo hupanga ratiba, hukusanya ada na hutengeneza paa, lakini haiwezi kuuza hata tofali moja. Huko yapo mazingira yao na sheria zao, na si busara kuiga kila kitu. Kanuni yenyewe, hata hivyo, inaingia katika sheria za Tanzania bila kulazimishwa: Halmashauri ya Kijiji imiliki, kamati ya ukumbi iendeshe, na mpaka kati yao uandikwe.

Kamati hiyo inaweza kuundwa kwa njia tatu. Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni kuifanya kamati ndogo iliyo chini ya kamati ya kudumu ya kijiji inayoshughulikia huduma za jamii. Haihitaji usajili wowote, lakini fedha zake ni fedha za kijiji na zinafuata taratibu zote za fedha za kijiji, jambo ambalo lina faida ya uwazi na hasara ya mwendo wa pole pale bawaba ya mlango inapovunjika siku mbili kabla ya harusi. Ya pili ni kuunda kikundi cha kijamii kinachotambuliwa na halmashauri ya wilaya, chenye katiba na akaunti yake ya benki, ambacho huingia mkataba wa maandishi na Halmashauri ya Kijiji kuendesha ukumbi kwa kipindi maalumu, tuseme miaka mitano. Ya tatu ni kusajili wadhamini kupitia Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ili wadhamini hao wamiliki na kuendesha jengo wao wenyewe.

Kwa maoni yangu njia ya tatu haifai kwa ukumbi wa kawaida wa kijiji. Inakiondolea kijiji mali yake na kuwakabidhi watu wachache ambao baadhi yao watahama na wengine watafariki, na kubadilisha majina ya wadhamini ni kazi ambayo hakuna mtu wa kujitolea anayeikumbuka. Njia ya pili ndiyo ninayoiona bora pale ukumbi unapoingiza fedha za kutosha kuhitaji akaunti, mradi mkataba useme mambo manne bila kuzungusha maneno: kikundi hakimiliki jengo, mikutano ya hadhara ya kijiji haitozwi ada, taarifa ya mapato na matumizi itasomwa kwenye kila Mkutano Mkuu wa robo mwaka na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, na mkataba ukivunjika, fedha zilizomo kwenye akaunti ya ukumbi ni za ukumbi, si za kikundi. Sharti la mwisho ndilo ambalo wengi huliacha.

Ada na kanuni za matumizi zinazokusudiwa kumbana kila mtu, kwa mfano faini ya kupiga muziki kupita saa iliyokubaliwa, haziwezi kutungwa na kamati peke yake. Zinahitaji kuwa sheria ndogo ya kijiji, ambayo hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji, hujadiliwa na Mkutano Mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Kamati inayotoza faini bila sheria ndogo inajiweka mahali pabaya, hata kama mnyooshewa kidole alistahili.

Kujitolea kuna mipaka

Neno kujitolea kusini lina historia. Vijiji vingi vya sasa vilipata umbo lake wakati wa operesheni vijiji ya miaka ya 1970, na vizazi vya wakati huo vilijenga shule, zahanati na maghala kwa nguvu zao, wakati mwingine kwa kupenda, wakati mwingine kwa kuamriwa. Kumbukumbu hiyo bado ipo. Mzee wa miaka 70 anapoambiwa leo aende "kujitolea" anasikia jambo tofauti na analolisikia kijana aliyehudhuria semina zenye posho, na kamati isiyolijua hilo huwalaumu wote wawili kwa uvivu.

Kinachofanya kazi ni kutenganisha kazi za kutoa uamuzi na kazi za jasho la kila siku. Wajumbe wa kamati wakutane, wapange, wakague, wasome taarifa bila malipo. Hiyo ni heshima na ni wajibu wa muda. Lakini kufagia ukumbi baada ya harusi ya watu 400, kulala pale kulinda spika za mpiga muziki, au kusimamia chumba cha viti na kuvihesabu vikitoka na kuvihesabu vikirudi, hizo ni kazi, na zikikosa malipo hata kidogo hufanywa vizuri kwa miezi sita kisha huachwa. Ni bora ukumbi umlipe mtu mmoja kwa uwazi, kiasi kilichotajwa mbele ya mkutano, kuliko kujifanya kwamba kila kitu ni cha bure huku mtu huyo akijilipa mwenyewe kwa kukodisha viti kimyakimya.

Muundo wa kamati nao una siri yake. Wajumbe saba hadi tisa wanatosha, wakitoka vitongoji vyote, na wanawake wakiwa wengi kuliko ile robo ambayo watu wamezoea kuitaja kwa halmashauri za vijiji, kwa sababu wao ndio wanaoutumia ukumbi zaidi: kwa vikoba, kwa kliniki ya mkoba ya mama na mtoto pale zahanati ilipo mbali, kwa shughuli za unyago na za harusi. Mhazini asiwe ndugu wa mwenyekiti wa kamati. Muda wa ujumbe uwe miaka mitatu, na theluthi moja ibadilishwe kila mwaka, ili asitokee mwaka ambao wote ni wageni. Hili la mwisho linahusiana na uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao hufanyika kila baada ya miaka mitano na uliopita ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Ambako kamati ya ukumbi huundwa na mwenyekiti mpya na kuondoka naye, daftari la viti, madeni ya wakodishaji na dhamana ya fundi aliyeezeka hupotea siku moja.

Hesabu ambayo huwa haifanywi

Kamati nyingi huhesabu fedha kwa kuuliza kama mwezi huu kuna kilichobaki. Swali hilo halitoshi, kwa sababu gharama kubwa ya ukumbi haiji kila mwezi. Inakuja mara moja baada ya miaka mingi, na inaitwa paa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kufikirika lakini zilizo karibu na hali halisi. Ukumbi una upana wa mita 12 na urefu wa mita 20. Kuuezeka upya, bati, mbao za kubadilisha na ufundi, tuseme ni shilingi 12,000,000, na kwa kuwa uko karibu na bahari tukadirie bati litadumu miaka 15. Kila mwaka, basi, ukumbi unapaswa kuweka akiba ya shilingi 800,000 kwa ajili ya paa peke yake. Mapato ya mwaka: harusi na sherehe 12 kwa shilingi 40,000 ni 480,000, semina na mikutano ya taasisi 10 kwa shilingi 30,000 ni 300,000, vikundi viwili vya vikoba vinavyolipa 1,000 kila kimoja kwa wiki ni 104,000. Jumla ni 884,000. Matumizi: umeme wa luku 120,000, msafishaji anayelinda pia 480,000, na matengenezo madogo 150,000, jumla 750,000. Kamati itasoma kwa fahari kwamba imebakiza 134,000. Ukweli ni kwamba imepungukiwa na 666,000, na upungufu huo utajirudia kila mwaka bila kuonekana mpaka bati litoboke.

Kuongeza ada ndiyo njia ya kwanza inayokuja akilini, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, kwani harusi zitarudi kwenye viwanja vya nyumbani chini ya turubai, ambako zilikuwa zamani na ambako kwa kweli hazikuwa na ubaya wowote. Njia ya pili ni makato ya korosho. Wakulima wa mikoa hii huuza kwa minada kupitia vyama vya msingi, AMCOS, katika mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007, na ni rahisi kwa kijiji kuomba kila kilo ikatwe kiasi fulani kwa ajili ya maendeleo. Nguvu yake ni kubwa: chama kinachouza tani 100 kikikata shilingi 20 kwa kilo kinatoa shilingi 2,000,000 kwa msimu mmoja. Lakini wanachama wa AMCOS na wanakijiji si watu walewale. Baadhi ya vyama vinahudumia zaidi ya kijiji kimoja, na mvuvi au mfanyabiashara wa kijijini hachangii chochote ilhali anautumia ukumbi. Mkulima naye ana makato mengine mengi kabla ya fedha kumfikia. Makato yanafaa kwa kazi moja yenye mwisho, kama kupaua boma, yakipitishwa na mkutano wa wanachama na kutajwa msimu yatakapokoma. Hayafai kulisha ukumbi milele.

Njia ninayoiona inalingana na mazingira ni ukumbi kuwa na shamba lake. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja huchukua takriban mikorosho 28. Ekari mbili za ardhi ya pamoja zilizotengwa kwa ajili ya ukumbi zina miti 56. Kwa makadirio ya kilo 8 kwa mti zinapatikana kilo 448, na kwa shilingi 2,000 baada ya makato ni 896,000. Toa 300,000 za salfa, palizi na uokotaji, zinabaki 596,000, na pengo la 666,000 limekuwa la 70,000. Miti michanga haitafika hapo mapema, kwa hiyo kijiji chenye shamba la zamani lililotelekezwa kina bahati kuliko kinachoanza na miche. Korosho hizo ziuzwe mnadani kwa jina la ukumbi na malipo yaingie benki, si kwa jina la mjumbe aliyekubali "kusaidia kuuzia".

Chumba kimoja cha mbele kinachokodishwa kama fremu ya duka au kwa wakala wa fedha za simu huziba pengo lililobaki, na tena huleta mtu ambaye yupo pale kila siku na anaona nani anaingia.

Kalenda ya mwaka

Fedha za kusini zina majira, na ukumbi nao una majira, na hayo mawili hayaendi sambamba. Malipo ya minada huanza kufika vijijini kuanzia Oktoba na Novemba na kuendelea hadi karibu Januari. Huo ndio wakati wa harusi kubwa, wa kununua bati, wa kulipa madeni. Shughuli za jando na unyago kwa desturi hufuata mavuno, wakati wa kiangazi, na siku hizi hupangwa kwa kuangalia likizo za shule. Mwezi wa Shaaban ukumbi hukodiwa mara kwa mara, na Ramadhani ikiingia hakuna harusi kabisa katika vijiji vyenye Waislamu wengi, ambavyo ndivyo vingi vya pwani. Kuanzia Februari hadi Mei, mvua zikiwa zimeshika na akiba za kaya zimepungua, ukumbi hauingizi karibu chochote, na ndipo paa huvuja.

Kamati inayofahamu hivyo haigawi bajeti yake kwa miezi 12 iliyo sawa. Hukusanya na kufungia akiba kabla ya Januari kwisha, hukagua paa na mifereji mwezi Septemba au Oktoba kabla ya mvua, na huutumia wakati mkavu wa fedha kwa yale yasiyo na malipo: madarasa ya jioni, mikutano ya mtendaji, chanjo, mazoezi ya vijana.

Jengo lenyewe

Hapa sitakaa sana, isipokuwa kwa mambo ambayo watu wa kusini huyalipia bila kujua. Hewa ya chumvi ya pwani, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, hula misumari ya bati kabla ya bati lenyewe, kwa hiyo kuokoa fedha kwenye misumari ni kujidanganya. Kenchi zinapaswa kufungwa kwenye lenta kwa nondo zilizoachwa wakati wa kumwaga zege, wala si kwa misumari peke yake. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, kimbunga Kenneth kilipita jirani na Mtwara na kuingia Msumbiji Aprili 2019, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini katika wilaya ya Kilwa. Siku kama hizo ukumbi ndilo jengo ambalo watu hukimbilia, na paa linalonyanyuka juu ya watu 300 ni hatari kuliko nyumba zao za udongo.

Juu ya uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, ambako maji yamekuwa shida ya vizazi, paa ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la ukumbi wa mfano wetu, likihesabiwa na kingo zake, lina takriban mita za mraba 300. Kwa mvua ya milimita 900 kwa mwaka, na tukikadiria kwamba asilimia 80 inanaswa, ni lita 216,000. Hakuna kijiji kitakachojenga tangi la ukubwa huo, lakini hata tangi la lita 20,000 linalojaa na kutumika mara kadhaa katika msimu mmoja hubadilisha thamani ya jengo machoni pa wanawake ambao wangeshuka bondeni. Vyoo vyenye maji, kimoja kikiwa na njia ya baiskeli ya mtu mwenye ulemavu, vijengwe pamoja na ukumbi, kwani vikiahirishwa hadi "awamu ya pili" havijengwi.

Wakati kila upande unautaka ukumbi

Migogoro ya matumizi ni mitatu. Wa kwanza ni wa siasa. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, majengo na viwanja mbalimbali nchini vilivyojengwa kwa nguvu za wananchi wakati wa chama kimoja viligeuka mabishano kuhusu mwenyewe ni nani, na kijiji kinachojenga leo hakina udhuru wa kurudia. Ada na masharti ya vyama vyote yawe yaleyale, yaandikwe, na bendera yoyote iondoke na mkutano wake. Wa pili ni wa kelele: kibali cha ngoma ya usiku au cha disko hutolewa na mamlaka, kamati haina uwezo wa kukitoa, lakini inaweza kukataa kufungua mlango kwa asiye nacho, na inaweza kuufunga ukumbi kwa muziki wiki za mitihani ya shule. Wa tatu ni wa dini na wa mila pamoja. Kama Maulidi, misa ya nje na shughuli ya somo na mwali vinaombwa Jumamosi moja, anayekuja kwanza na kulipa amana apewe, bila kuangalia ni nani, na daftari la maombi liwe wazi kwa yeyote kulisoma.

Limebaki suala moja ambalo halifikiriwi mpaka limetokea: kijiji kugawanywa. Idadi ya watu ikiongezeka, kitongoji kikubwa huomba kuwa kijiji, na jengo lililojengwa kwa jasho la wote hubaki upande mmoja wa mpaka mpya. Makubaliano ya mgawanyo wa mali yanapaswa kupitishwa na Mkutano Mkuu wa kijiji cha zamani, ungali mmoja, kabla wajumbe hawajatawanyika. Yaweza kusema kwamba wakazi wa kijiji kipya watautumia ukumbi kwa ada ya mwenyeji kwa miaka kadhaa, au kwamba shamba la mikorosho la ukumbi litagawanywa, au kwamba viti na jenereta vitahama na jengo litabaki. Lolote litakaloamuliwa liambatanishwe na orodha ya michango ya kila kitongoji tangu msingi ulipochimbwa, orodha ambayo itapatikana tu kama mhazini wa kwanza aliandika nani alileta mifuko mingapi ya saruji, tripu ngapi za mchanga na siku ngapi za kazi, na nakala yake iko wilayani.